Helen Keller na Mashine Yake ya Taipu

Mhariri alipotuomba sisi wa madarasa ya juu tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa zamani, wenzangu wengi walichagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utoto wake. Sababu yangu ni ya nyumbani, nami nitaieleza kwanza.

Nina mdogo wangu wa kike, umri wake miaka 11. Miguu yake ni dhaifu tangu kuzaliwa, na shule iliyo karibu nasi ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye nguvu, tena njia inavuka mto. Kwa hiyo mama humfundisha nyumbani, na mimi nikija likizo humpokea mama kazi hiyo. Mwaka jana padre wa parokia yetu alimpa mtoto mashine ya taipu iliyokuwa imelala ofisini tangu kompyuta ilipofika. Nikaagizwa nimfundishe kupiga taipu kwa vidole vyote bila kutazama, kama nilivyofundishwa mimi hapa shuleni. Nilimfunika mikono kwa kipande cha kitenge. Akapiga mistari miwili isiyosomeka, akakitupa kitenge, akalia, akaniambia kwamba hakuna mtu awezaye kuandika asichokiona. Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nikakumbuka jina la Helen Keller, nikaenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata. Huku Uganda Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wengi wetu, basi nikikosea mnisamehe.

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni, 1880, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani. Baba yake, Kapteni Arthur Keller, alikuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, baadaye akawa mhariri wa gazeti. Mtoto alizaliwa mzima, anaona na kusikia. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na homa kali. Homa ikatoka, wazazi wakashukuru, lakini haukupita muda wakagundua kwamba mtoto hageuki akiitwa wala hafumbi macho mbele ya mwanga.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya giza na fujo. Helen alijua kuomba mkate kwa kuigiza jinsi unavyokatwa na kupakwa siagi, na alikuwa na ishara nyingine nyingi za namna hiyo. Lakini asipoeleweka alipiga mateke na kujitupa chini, na jamaa zake kwa huruma walimwacha afanye apendavyo. Mama yake alikuwa amesoma katika kitabu cha Charles Dickens habari za Laura Bridgman, msichana kipofu na kiziwi aliyefundishwa huko Boston, akashika tumaini hilo. Walimpeleka mtoto kwa mganga wa macho mjini Baltimore, yeye akawatuma kwa Bwana Alexander Graham Bell, yule aliyetengeneza simu, ambaye alikuwa pia mwalimu wa viziwi. Bell akawaambia waandike barua kwa Bwana Michael Anagnos, mkuu wa Taasisi ya Perkins ya vipofu huko Boston. Ndipo alipopatikana mwalimu wa nyumbani.

Mwalimu huyo alifika tarehe 3 Machi, 1887. Jina lake Anne Sullivan, umri wake miaka 20. Naona katika vitabu vingi mtu huyu hupewa nafasi ndogo, kana kwamba alikuwa mtumishi tu. Haikuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa maskini, wahamiaji kutoka Ireland. Mama yake alikufa mapema, naye akapelekwa na ndugu yake mdogo kwenye nyumba ya maskini ya Tewksbury, na yule ndugu akafia humo. Anne mwenyewe aliugua trakoma, ugonjwa wa macho ambao hata sisi huku tunaujua, akawa karibu kipofu. Aliingia Perkins akiwa na umri wa miaka 14, hajui kusoma. Akapasuliwa macho, akaona kiasi, akamaliza masomo mwaka 1886. Basi aliyetumwa kumfundisha kipofu alikuwa mtu mwenye macho ya kuazima, kama nikisema hivyo.

Siku za kwanza zilikuwa vita. Helen alimpiga mwalimu wake mpaka akamvunja jino. Bibi Sullivan akaona kwamba hawezi kufundisha mbele ya wazazi wenye huruma, akaomba akae na mtoto peke yao katika nyumba ndogo karibu na ile kubwa. Kila alipompa kitu, alimwandikia jina lake katika kiganja kwa herufi za vidole, ambazo kila moja ina umbo lake la mkono. Mtoto aliiga maumbo haya upesi kama mchezo, asijue kwamba ni majina. Tarehe 5 Aprili walikwenda kwenye bomba la maji. Mwalimu akausukuma mpini, maji baridi yakamwagika juu ya mkono mmoja wa mtoto, na katika mkono wa pili akaandika neno la maji. Hapo Helen akatambua. Habari hii inajulikana sana na imechezwa hata katika sinema, kwa hiyo sitaikalia.

Nilipenda zaidi yale yaliyofuata, maana yanafanana na mambo ya nyumbani kwetu. Hakukuwa na chumba cha darasa. Masomo yalifanyika bustanini na chini ya miti. Walikwenda mpaka gati la zamani kando ya mto Tennessee, na hapo Helen akajenga mabwawa kwa vijiwe, akachimba mito na visiwa, akajifunza jiografia bila kujua kwamba anajifunza. Hesabu alifundishwa kwa shanga zilizotungwa katika uzi, ingawa aliichukia. Alifundishwa pia kuandika kwa penseli: karatasi huwekwa juu ya ubao wenye mifereji, penseli hupita katika mfereji, na kidole cha mkono wa kushoto huiongoza. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, muda wa miezi mitatu na nusu tangu mwalimu afike, alimwandikia binamu yake barua kwa njia hiyo. Baadaye akajifunza maandishi ya Breli, yale ya nukta zilizoinuka, ambayo aliweza kuyasoma mwenyewe.

Hapa lipo jambo ambalo halikunijia akilini mpaka niliposoma habari hizi. Maandishi ya Breli aliyasoma Helen, lakini watu wengi wenye macho hawayajui. Maandishi ya penseli waliyasoma wenye macho, lakini yalikwenda polepole mno. Ilitakiwa njia ya tatu, nayo ni mashine ya taipu. Si ajabu, maana mashine hizi zina udugu wa zamani na vipofu. Huko Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, Pellegrino Turri alimtengenezea mashine ya namna hiyo rafiki yake kipofu, Carolina Fantoni, na barua za bibi huyo za mwaka 1808 zipo mpaka leo. Nao wenye macho walichelewa kujua kwamba macho hayahitajiki. Tarehe 25 Julai, 1888, mjini Cincinnati, palifanyika mashindano, na Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, akamshinda mpinzani wake kwa sababu alitumia vidole vyote wala hakutazama vitufe. Magazeti yakaandika, watu wakastaajabu. Mwaka ule Helen alikuwa na umri wa miaka 8.

Kabla ya kuingia shule yoyote ya matayarisho ya chuo, Helen aliijua mashine hiyo. Mnaojifunza kompyuta hapa shuleni mnajua kwamba herufi F na J zina kinundu kidogo, ili vidole vya shahada vijue mahali pao. Mashine za Helen hazikuwa na alama yoyote ya kumsaidia kipofu. Zilikuwa mashine zile zile za kila mtu. Alichofanya ni hiki: mara kwa mara aligusa ukingo wa nje wa vitufe kwa kidole chake kidogo, na kwa mguso huo akajua vidole vingine vyote viko wapi. Basi! Hiyo ndiyo siri yote. Nilipoisoma nilicheka, maana nilikuwa nimemfundisha mdogo wangu kila kidole isipokuwa ukingo.

Na kazi yake ilikuwa safi, makosa machache sana. Ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa ukurasa ukishatoka katika mashine, yule aliyeuandika hakuweza kuusoma. Karatasi ilikuwa laini chini ya vidole vyake kama karatasi tupu. Akitaka kujua ameandika nini, mtu mwingine alipaswa kumsomea neno kwa neno katika kiganja. Kila alichokiandika kwa wenye macho kilipita kwanza katika macho ya mtu mwingine, na macho hayo kwa kawaida yalikuwa ya Bibi Sullivan, yaani macho mabovu.

Jambo hili liliwaletea taabu wote wawili. Mwaka 1891 Helen alitunga hadithi juu ya Mfalme wa Baridi, akampelekea Bwana Anagnos kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa kwake. Anagnos akaipenda, akaipiga chapa. Mara ikajulikana kwamba inafanana mno na hadithi ya mwandishi aitwaye Margaret Canby. Kumbe Helen alisomewa hadithi ile katika kiganja mwaka 1888, akaisahau, na maneno yakabaki ndani yake kana kwamba ni yake. Huko Perkins walimu na wakuu wakaunda baraza la kuchunguza. Msichana wa miaka 11 akahojiwa na watu wazima, na Bibi Sullivan akatakiwa atoke chumbani. Mwishowe hakuhukumiwa, lakini urafiki wa Anagnos ulipoa, na Helen kwa muda mrefu aliogopa kuandika, akijiuliza kila sentensi kama kweli ni yake.

Uchungu huo naujua kidogo. Mdogo wangu aliwahi kumpelekea jamaa yetu mmoja barua ya taipu, ya kurasa mbili, aliyoitunga peke yake. Jibu lililokuja lilinisifu mimi.

Mwaka 1896 Helen aliingia shule ya wasichana huko Cambridge, Massachusetts, ili ajitayarishe kwa Chuo cha Radcliffe, ambacho kilikuwa chuo cha wanawake kando ya Harvard. Bibi Sullivan aliketi naye darasani akimwandikia kiganjani yote yaliyosemwa na walimu. Helen hakuweza kuandika chochote humo darasani, maana mikono yake ndiyo ilikuwa masikio yake. Insha na tafsiri zote aliziandika nyumbani kwa mashine.

Mtihani wa kwanza wa kuingia chuo ulikuwa kuanzia tarehe 29 Juni mpaka tarehe 3 Julai, 1897. Aliwekwa katika chumba cha peke yake, kwa sababu mlio wa mashine ungewasumbua wengine, na mtu akasimamishwa mlangoni. Mkuu wa shule, Bwana Gilman, alimsomea maswali kwa herufi za vidole, naye akajibu kwa taipu. Alifaulu yote, na katika Kijerumani na Kiingereza akapata sifa ya juu. Mnaotetemeka katika chumba cha mtihani fikirini hali hiyo: mtu hasikii saa, haoni swali, haoni jibu lake mwenyewe, anaokota kila kitu kwa ngozi ya mkono.

Baadaye Bwana Gilman aliona kwamba Helen anafanyishwa kazi kupita nguvu zake, pakatokea ugomvi kati yake na Bibi Sullivan, na Helen akatolewa shuleni. Akarudi kufundishwa nje ya shule na Bwana Merton Keith. Jometri aliisoma kwa kuchora maumbo juu ya mto wa kukalia kwa nyaya zilizonyooka na zilizopindwa. Mtihani wa mwisho, Juni 1899, ulikuwa mgumu kwa sababu nyingine kabisa. Safari hii maswali yaliandikwa kwa Breli na mwalimu wa Perkins asiyemjua Helen. Siku mbili kabla ya aljebra akaletewa karatasi ya zamani ya kujizoeza, akagundua kwamba alama za hesabu ni za Breli ya Kimarekani, naye kwa aljebra alizoea ile ya Kiingereza tu. Ilimbidi azijifunze upya haraka, na katika mtihani akawa anababaika kusoma kabla hajaanza hata kukokotoa. Hata hivyo alishinda. Sijaona mahali alipopewa nafuu ya bure, na walionong'ona kwamba mwalimu wake ndiye mwenye akili hawakuwa na la kusema, kwa kuwa siku zile mwalimu hakuwamo.

Radcliffe aliingia mwaka 1900. Mashine aliyoipenda kuliko zote iliitwa Hammond. Katika mashine hiyo herufi zilikuwa juu ya kipande kimoja cha kubadilishwa, hata mtu aliweza kutoa cha Kiingereza na kutia cha Kigiriki, au cha Kifaransa, au cha alama za hesabu. Helen aliona kwamba bila mashine hii pengine asingeweza kusoma chuoni. Baada ya kila somo alirudi nyumbani akapiga yale aliyoyakumbuka. Mitihani yote aliifanya kwa taipu.

Lakini vitabu vingi havikuwapo katika Breli, na Bibi Sullivan alivisoma kwa macho yale, saa nyingi kila siku, mpaka mganga akaonya. Helen alilijua hilo. Mwalimu alipomwuliza kama angependa kurudiwa sehemu fulani, Helen alijibu kwamba anaikumbuka vyema, hali amekwisha kuisahau. Aliona heri aikose alama kuliko kuyamaliza macho ya mwenziwe. Mimi nimesoma habari zake nyingi, na katika zote hakuna iliyonigusa kama uwongo huo mdogo.

Akiwa bado mwanafunzi aliandika habari za maisha yake. Zilitoka kwanza katika gazeti mwaka 1902, na kitabu kikatoka mwaka 1903. Aliandika vipande vipande, vingine kwa Breli, vingine kwa taipu, kisha Bibi Sullivan na kijana aitwaye John Macy wakamsomea vyote ili avipange na kuvisahihisha. Mwaka 1904 alipata digrii yake kwa sifa, akawa kipofu-kiziwi wa kwanza kufanya hivyo.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa marefu, nami nitayapita mbio. Aliandika vitabu vingine, alisimama na wafanyakazi na wanawake waliodai kura, na tangu mwaka 1924 alifanya kazi na shirika la Marekani la vipofu. Alisafiri nchi nyingi. Afrika ya Kusini alifika mwaka 1951, Misri mwaka 1952. Bibi Sullivan alikufa tarehe 20 Oktoba, 1936, naye mwishoni alikuwa kipofu. Mahali pake pakashikwa na Bibi Polly Thomson.

Helen alitaka kuandika kitabu cha maisha ya mwalimu wake. Alikuwa amefika mbali, karatasi zimekusanyika nyumbani kwake huko Connecticut. Mwezi wa Novemba, 1946, yeye na Bibi Thomson wakiwa safarini Ulaya, nyumba ile ikaungua. Maandishi yakateketea, pamoja na barua na vitabu vyake vya Breli. Alikuwa na umri wa miaka 66. Nyumba ikajengwa tena, akaketi mbele ya mashine, akaanza ukurasa wa kwanza. Kitabu kilitoka mwaka 1955, naye ana miaka 75. Macho yaliyokuwa yakimsomea kurasa zake za kwanza yalikuwa yamefumbwa kwa miaka 19.

Mwaka 1961 alipatwa na kiharusi, na tangu hapo hakuonekana tena hadharani. Alikufa tarehe 1 Juni, 1968, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 88. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa kuu la Washington, karibu na ya Bibi Sullivan na ya Bibi Thomson.

Habari hizi nilimwandikia mdogo wangu muhula uliopita, hasa ile ya kidole kidogo na ukingo. Wiki tatu baadaye nikapata barua yake ya taipu. Mama aliongeza kwa kalamu kwamba kitenge hakikuondolewa. Mstari wa kwanza ulianza na neno LSLS, nami nikadhani amenitania. Kisha nikatambua kwamba mkono wote ulikuwa umesogea kitufe kimoja upande wa kulia. Nikarudisha kila herufi nyuma kwa kitufe kimoja, na neno likawa KAKA. Mstari wa pili ulikuwa sawa, na wa tatu pia, na hivyo mpaka mwisho, ingawa wino ulikuwa hafifu sana kwa kuwa utepe wa mashine ile umekauka. Msomaji yeyote ajuaye duka la Kampala ambalo bado linauza utepe wa upana wa nusu inchi, tafadhali aniachie habari kwa Mhariri kabla hatujafunga shule.